Kilo Iliyoongezeka ni ya Nini?

Katika zahanati na vituo vya afya vya nchi hii, sentensi moja hurudiwa maelfu ya mara kila mwezi: "Mama, mtoto ameongezeka." Muuguzi anaweka nukta kwenye kadi, anaiunganisha na ya mwezi uliopita, mstari unapanda. Mama anambeba mwanawe mgongoni, anakaza khanga, anaondoka na moyo mweupe. Sina nia ya kumwondolea furaha yake. Nina swali tu ambalo mzani ule wa kuning'iniza hauwezi kulijibu: hizo gramu mia tatu zilizoongezeka ni za nini?

Mnunuzi wa mahindi pale Kibaigwa hawezi kununua gunia kwa uzito peke yake. Atachoma bambo, atoe punje, aziume, azisikilize zinavyolia kiganjani. Anajua kwamba mahindi mabichi ni mazito kuliko makavu, na kwamba sehemu ya uzito anaoulipia leo itakuwa imeyeyuka kabla lori halijafika Dar es Salaam. Kwa mtoto anayetoka kwenye utapiamlo tumeridhika na mzani. Namba imepanda, tunaandika "amepona", tunamruhusu.

Mwili wa mtoto, ukiurahisisha kabisa, una mafungu mawili. Moja ni mafuta. La pili ni vyote visivyo mafuta: misuli, ini, moyo, ubongo, mifupa, damu, pamoja na maji yaliyomo humo, ambayo ndiyo mengi. Mtoto aliyezaliwa kwa wakati wake huja na mafuta kiasi cha sehemu moja hivi ya kumi ya uzito wake au zaidi kidogo; akifika miezi sita mafuta yanakaribia robo ya mwili, kisha uwiano huo unaanza kushuka anapotambaa na kutembea. Kwa hiyo unene wa mtoto wa miezi sita ni jambo la kawaida, na ni akiba. Njaa na maradhi vikija, vinachota kwenye mafungu yote mawili. Nafuu ikija, mwili unajaza upya, lakini haujazi kwa uwiano uleule siku zote. Unajaza kulingana na kile kilichomo kwenye bakuli.

Maji ndiyo yanayotudanganya waziwazi zaidi. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast, Ghana ya leo, aliandika kuhusu watoto waliokuwa wakivimba miguu, nywele zikibadilika rangi na ngozi ikibambuka, ugonjwa ambao sisi huku tunauita kwashakoo au unyafuzi. Mtoto wa namna hiyo anaweza kuwa na uzito usiotisha hata kidogo. Mashavu yamejaa, miguu imejaa, na jirani anasema amenawiri. Ndiyo maana mhudumu anafundishwa kubonyeza sehemu ya juu ya nyayo zote mbili kwa kidole gumba kwa sekunde tatu, aone kama shimo linabaki. Likibaki pande zote mbili, mtoto ana utapiamlo mkali hata mzani useme nini. Na matibabu yakianza vizuri, siku za mwanzo uzito unashuka. Maji yanatoka, mstari kwenye chati unaporomoka, mtoto anaanza kutabasamu na kuomba uji. Muuguzi yeyote wa wodi ya lishe anaijua hali hiyo, na anajua pia jinsi inavyomtia mama hofu.

Mafuta yanadanganya kwa upole zaidi, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Miaka ya 1950, John Waterlow, daktari Mwingereza, alianzisha kituo cha utafiti Kingston, Jamaika, katika chuo kikuu cha West Indies. Watoto waliolazwa pale walikuwa hoi kama waliokuwa wakilazwa katika hospitali za kwetu, Mulago ya Uganda au Muhimbili. Kilichotofautiana ni kwamba kituo kile hakikutosheka na mzani. Walipima potasiamu ya mwili mzima, kwa sababu potasiamu inakaa ndani ya seli za misuli na viungo, haikai kwenye mafuta. Walipima nishati ambayo mtoto alikula na kuilinganisha na gramu alizoongeza. Hesabu hii ya mwisho ni nzuri kwa urahisi wake. Gramu moja ya mafuta hubeba kalori zipatazo tisa. Gramu moja ya nyama hubeba chache sana, kwa kuwa sehemu kubwa yake ni maji. Mtoto anayekula nishati nyingi kwa kila gramu anayoongeza, basi anajenga mafuta. Anayeongeza gramu nyingi kwa nishati ndogo anajenga misuli na viungo.

Mwaka 1981 Barbara na Michael Golden walichapisha matokeo kutoka kituo hichohicho. Watoto waliokuwa wakipona wakiwa na upungufu wa zinki walikuwa wakilipa gharama kubwa ya nishati kwa kila gramu. Walipopewa zinki, gharama ikashuka na kasi ya kukua ikapanda. Yaani nishati ilikuwepo mezani muda wote. Kilichokosekana ni madini kidogo mno, na bila hayo mwili haukuweza kujenga nyama, ukaiweka nishati pale unapoweza kuiweka siku zote, kwenye mafuta. Golden baadaye alilieleza kundi zima la virutubishi vya namna hiyo: zinki, potasiamu, magnesiamu, fosforasi, amino asidi muhimu. Kimoja kikipungua, mwili hauonyeshi ugonjwa wenye jina kama rovu au kiseyeye. Unaacha kujenga, basi. Mtoto anabaki mdogo.

Ukiliweka hilo kichwani kisha ukatazama ramani ya lishe ya Tanzania, macho yatakwenda Nyanda za Juu Kusini. Utafiti wa kitaifa wa afya ya mama na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, na asilimia 3 tu ni wakondefu. Iringa udumavu ulikuwa zaidi ya nusu ya watoto, kama asilimia 57. Njombe nusu. Rukwa karibu nusu. Hii ndiyo mikoa inayolisha nchi kwa mahindi na viazi, na wanasiasa wetu hawachoki kulitaja jambo hilo kwa mshangao kila wanapopanda jukwaani, kana kwamba ghala lililojaa mahindi limewahi kuwa dawa ya ukosefu wa zinki.

Iringa ina historia katika jambo hili. Kuanzia mwaka 1983, kwa msaada wa UNICEF na Shirika la Afya Duniani na fedha za Italia, vijiji 168 vya mkoa huo, ambao wakati ule ulikuwa pamoja na Njombe, vilianza kupima watoto wao wenyewe. Siku ya afya ya kijiji ikifika mzani unaning'inizwa, kadi zinatolewa, na matokeo yanajadiliwa na serikali ya kijiji: mtoto wa nani yuko kwenye nyekundu, kwa nini, tufanye nini. Utapiamlo mkali ulipungua sana, na wataalamu wa dunia wakaja kujifunza. Mfumo wa UNICEF wa mwaka 1990 wa kueleza sababu za utapiamlo, ule ambao kila mwanafunzi wa lishe anaukariri hadi leo, ulitokana kwa sehemu kubwa na Iringa. Ilikuwa kazi kubwa na nitaitetea mbele ya yeyote. Lakini kipimo kilikuwa uzito kwa umri, na kazi ikafuata kipimo. Watoto waliokuwa wakifa waliokolewa. Waliokuwa wafupi, wenye mafuta ya kutosha kuifikisha nukta kwenye kijani, walipita. Miaka karibu arobaini baadaye, mkoa uleule na pacha wake aliyezaliwa mwaka 2012 ndio wanaoongoza kwa udumavu nchini.

Sababu za udumavu wa kule ni nyingi, na sidai kwamba mzani ndio uliowadumaza watoto. Ninachodai ni kwamba mkoa mzima unaweza kufanya kazi kwa bidii, ukapata matokeo ya kweli, na bado usione kinachotokea ndani ya miili ya watoto wake kwa sababu chombo ulichopewa hakioni.

Kabla sijaendelea, nina deni kwa utepe. Utepe wa MUAC, ule wa rangi tatu unaozungushwa katikati ya mkono wa juu, ni chombo bora kuliko vyote nilivyowahi kuona katika afya ya jamii. Historia yake inapita kwetu: Derrick Jelliffe, aliyefundisha Makerere miaka ya 1960, alikuwa mmoja wa waliousukuma mzingo wa mkono uwe kipimo cha afya ya jamii, na wakati wa vita vya Biafra wahudumu wa dhehebu la Quaker walitumia mzingo huo pamoja na fimbo ya urefu kuchagua watoto wa kulishwa. Leo, chini ya sentimita 11.5 kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59 ni nyekundu, hadi 12.5 ni njano. Juu ya hapo ni kijani. Niger akina mama wamefundishwa kuwapima watoto wao wenyewe na wakaweza. Na utepe huo unabashiri kifo vizuri kuliko uzito kwa urefu. Maelezo yanayonishawishi ni kwamba mkono, angalau kwa makadirio, unazungumzia misuli, na misuli ndiyo ghala ambalo mwili wa mtoto unaliendea maambukizi yanapoingia, huku ubongo, unaokula zaidi ya nusu ya nishati ya mtoto mchanga aliyepumzika, ukidai haki yake bila huruma.

Lakini utepe unazunguka vyote kwa pamoja: ngozi, mafuta, misuli, mfupa. Chukua watoto wawili ambao mikono yao yote ina sentimita 13, wote wako kwenye kijani. Sasa shika kikoleo cha kupimia mkunjo wa ngozi, ubane nyuma ya mkono. Wa kwanza ana milimita 5, wa pili 10. Kipimo cha mkunjo kikizidishwa kwa 3.14 na kutolewa kwenye mzingo, misuli ya wa kwanza, pamoja na mfupa wake, ina mzingo wa sentimita 11.4; ya wa pili 9.9. Rangi ni moja, namba ya daftarini ni moja, na watoto ni wawili tofauti kabisa. Kikoleo hakihitaji umeme. Kinachohitajika ni mkono uliozoea, maana watu wawili wasiofunzwa wakimbana mtoto mmoja watapata majibu mawili, na mtoto mwenyewe hatakaa kimya wakati mnabishana. Kwa mtoto aliyevimba hakifai kabisa.

Kuna njia za usahihi zaidi, na mojawapo imenipendeza tangu nilipoisoma mara ya kwanza, kwa sababu ni akili zaidi kuliko mashine. Mtoto anapewa kunywa kiasi kidogo, kilichopimwa kwa makini, cha maji mazito, yaani maji ambayo haidrojeni yake ni ya aina nzito. Hayana mionzi, aina hiyo ya haidrojeni imo kidogo katika kila glasi unayokunywa. Kabla ya kunywa, mate yake yanachukuliwa kwa pamba. Baada ya saa tatu hivi yanachukuliwa tena. Yale maji yamesambaa mwili mzima, na kadiri yalivyozimuliwa ndivyo unavyojua mwili una maji kiasi gani. Mafuta hayana maji, kwa hiyo maji yote ni ya lile fungu la pili, na kwa mtoto mdogo maji ni karibu asilimia 79 ya fungu hilo. Mtoto wa kilo 8 mwenye maji kilo 5.2 ana kilo 6.6 za tishu zisizo mafuta, na zinazobaki, 1.4, ni mafuta. Mate yanagandishwa, yanasafirishwa, yanasomwa kwa mashine ya miale ya infraredi ambayo inakaa juu ya meza. Shirika linalosaidia nchi za Afrika kupata mashine hizo na kufundisha watu wake ni lile la Vienna la nishati ya atomiki, IAEA, ambalo sisi tunalisikia redioni likitajwa kwa habari za urani ya Iran. Wachache wanajua kwamba lina watu ambao kazi yao ni mate ya watoto.

Kuna pia sanduku la hewa, PEA POD, ambalo mtoto mchanga analazwa ndani yake kwa dakika chache, ujazo wake unajulikana kwa hewa aliyoisukuma, na kutoka ujazo na uzito unapata mafuta. Linataka chumba chenye joto lisilobadilika na umeme usiokatika, na linafaa hadi miezi sita hivi. Pamoja na masharti hayo, Jimma, kusini-magharibi mwa Ethiopia, watafiti wa Ethiopia na Denmark wamelitumia tangu mwaka 2008 kufuatilia watoto tangu kuzaliwa. Waliozaliwa na tishu nyingi zisizo mafuta walikuwa mbele katika hatua za makuzi walipofika miaka miwili. Wingi wa mafuta waliyozaliwa nayo haukuonyesha uhusiano huo. Na kuna kipimo cha umeme hafifu kinachopitishwa kutoka mkono hadi mguu, rahisi kubeba, ambacho kinategemea milinganyo iliyotengenezwa kwa watu wengine na miili mingine.

Hizi zote zina udhaifu unaofanana, na ingekuwa udanganyifu kuuficha. Zinakisia kwamba maji ya mwili yako katika kiwango chake cha kawaida. Kwa mtoto mgonjwa kweli kweli, kisio hilo ndilo la kwanza kuvunjika. Nusu lita iliyovimbisha miguu, hesabu ya maji mazito itaiona kama zaidi ya gramu 600 za nyama. Aliyeharisha usiku kucha ataonekana na mafuta asiyokuwa nayo. Kwa hiyo pale tunapotamani jibu zaidi, siku ile mtoto anapoletwa hoi, ndipo vyombo vyetu vya kisasa vinapoaminika kidogo zaidi, na kidole gumba cha muuguzi kinavishinda. Mahali pake hasa ni baadaye: mtoto anapopata nafuu, na pale tunapolinganisha mlo huu na ule kwa kundi la watoto.

Na hapo ndipo vimeleta habari. Passoré, Burkina Faso, watoto 1,609 wa miezi 6 hadi 23 wenye utapiamlo wa wastani walipewa aina mbalimbali za unga wa mahindi na soya au chakula laini cha pakiti chenye mafuta na karanga, kwa wiki 12. Hofu iliyokuwepo miaka mingi, na ambayo nimeisikia pia kwa madaktari wetu, ni kwamba pakiti hizi za karanga "zinawanenepesha tu". Maji mazito yakajibu: katika wastani wa gramu 900 walizoongeza, zaidi ya asilimia 90 zilikuwa tishu zisizo mafuta, na waliokula chakula cha mafuta walijenga nyama zaidi kidogo kuliko waliokula unga. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Kwa mzani peke yake ubishi ule ungeendelea hadi leo.

Jinja, Uganda, ni jirani zaidi. Watoto 750 waliodumaa, wa mwaka mmoja hadi mitano, waligawanywa: wengine walipata chakula cha pakiti chenye maziwa, wengine kisicho na maziwa, wengine hawakupata kitu zaidi ya mlo wa nyumbani. Baada ya wiki 12, waliopata pakiti walikuwa wamerefuka zaidi ya wenzao kwa zaidi ya nusu sentimita, na walikuwa wameongeza tishu zisizo mafuta. Maziwa, kiungo cha bei ghali ambacho kila mtu aliamini ndicho chenye siri, hayakuleta tofauti. Kwa nchi inayonunua vyakula hivi kwa fedha za kuhesabu, jibu la namna hiyo lina thamani ya malori mengi ya pakiti.

Nisionekane nayachukia mafuta ya mtoto. Mulago, kwenye kitengo cha Mwanamugimu, watafiti walipima homoni za watoto waliolazwa kwa utapiamlo mkali, na matokeo yaliyotoka mwaka 2014 yalionyesha kwamba waliokuwa na leptini kidogo zaidi ndio waliokuwa kwenye hatari kubwa ya kufa. Leptini hutolewa na mafuta. Mtoto asiye na mafuta hana akiba, na inaelekea hata kinga yake inakosa ishara ya kuamka. Kwa wiki za mwanzo za tiba, mafuta ni uhai. Swali langu ni la baada ya hapo.

Maana baadaye ipo. Blantyre, Malawi, watoto waliotibiwa utapiamlo mkali katika hospitali ya Queen Elizabeth mwaka 2006 na 2007 walitafutwa miaka saba baadaye na kulinganishwa na ndugu zao na watoto wa mtaani kwao. Walikuwa wafupi zaidi, hasa miguu, wenye nyama pungufu, na walipoambiwa wakamate kifaa cha kupimia nguvu za mkono, walikikamata kwa nguvu ndogo. Watoto hao waliandikwa "amepona". Jonathan Wells wa chuo kikuu cha University College London amejenga hoja inayofaa kusomwa na kila mganga mkuu wa mkoa: viungo tunavyojengewa utotoni ni uwezo tutakaoutumia maisha yote, na mafuta yanayoongezeka juu yake baadaye ni mzigo. Mtu aliyejengewa kongosho na misuli haba, kisha akahamia mjini kwenye chipsi na soda, anabeba mzigo mkubwa kwa uwezo mdogo. Kliniki zetu za kisukari zimejaa watu waliozaliwa miaka ambayo hatukuwa tunauliza.

Umbo nalo lina mambo yake, ingawa hapa nitapita haraka. Watoto wa wafugaji wa Kisomali, na kwa macho tu hata wa Waturkana, wana miguu mirefu na viwiliwili vifupi. Uzito kwa urefu unawahesabu wakondefu kwa wingi, ilhali utepe wa mkono unawaona wachache. Utafiti uliofanyika Ethiopia na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba sehemu ya tofauti hiyo ni umbo lenyewe. Malori ya msaada huelekezwa kwa namba hizi, kwa hiyo si ubishi wa darasani. Wala isichukuliwe kwamba Turkana hakuna njaa. Ipo, na inaua.

Afisa lishe wa halmashauri akifika hapa atakuwa anacheka. Ataniambia mzani wake mmoja umekatika ndoano, tepe za MUAC zimechakaa hadi rangi haionekani, na kwamba Mkataba wa Lishe unamdai aonyeshe zile shilingi 1,000 ambazo halmashauri inatakiwa kutenga kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano zimetumikaje. "Na wewe unaniletea maji mazito," atasema. Ana haki ya kucheka, na ningekuwa mbunge ningempa tepe kabla ya kitu kingine chochote. Sipendekezi mashine Ludewa wala Mpanda. Kijijini, utepe na kidole gumba. Wodi za lishe za hospitali za mikoa, ongezeni kikoleo na mtu mmoja aliyefunzwa kukishika, na ubao wa urefu utumike kweli, mtoto wa chini ya miaka miwili akilazwa juu yake na siyo kusimamishwa. Na kwa nchi nzima, mahali pamoja tu, penye mashine ya kusoma mate na watu wanaoijua, ambapo kila chakula tunachotaka kuwagawia maelfu ya watoto kitapita kwanza.

Ninasisitiza hili la mwisho kwa sababu biashara ya unga wa lishe imekua kuliko uangalizi wake. Kila soko lina mchanganyiko wake: mahindi, ulezi, mchele, soya, karanga, ngano, na mwingine hata korosho, na kila muuzaji ana ushuhuda wa mtoto aliyenenepa. Siwaiti matapeli. Mtoto pengine amenenepa kweli. Nafaka nyingi na sukari vitamnenepesha. Miradi ya wafadhili nayo huleta grafu zilezile za uzito, kwa Kiingereza kizuri zaidi. Wizara ikiulizwa ilikubali chakula fulani kwa ushahidi gani, jibu lingetakiwa liwe na mambo matatu: urefu uliongezeka kiasi gani, tishu zisizo mafuta ziliongezeka kiasi gani, na mwaka mmoja baadaye hali ilikuwaje.

Na ushahidi huo uwe wa watoto wetu. Viwango vya ukuaji vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006, vinavyoongoza kadi zetu, vilitokana na watoto wa miji sita, Accra na Muscat zikiwemo, na vimetufaa sana. Kwa muundo wa mwili, utafiti mkubwa wa karibuni wa kuweka viwango vya miaka miwili ya kwanza ulichukua nchi sita: Australia, Brazil, India, Pakistan, Afrika Kusini na Sri Lanka. Kati ya Mto Limpopo na Bahari ya Shamu hakukuwa na mtoto hata mmoja. Viwango hivyo vikija kutumika, tutaambiwa mtoto wa Makete ana mafuta mengi au machache kwa kulinganishwa na nani?

Mahali hapo pa kupimia pakipatikana, ningeanza na dagaa. Dagaa wa Ziwa Victoria wana zinki, chokaa na protini kwa kiwango ambacho mahindi ya Njombe hayana, wanauzwa hadi Makambako, na akina mama tayari wanawasaga. Watoto mia chache wa mwaka mmoja hadi miwili waliodumaa, nusu yao unga wa kawaida, nusu unga wenye dagaa, nishati ileile kwenye bakuli zote. Mate siku ya kwanza, mate wiki ya 12, urefu kila mwezi hadi mwaka uishe. Sidhani kama gharama yake itazidi ya semina zote za lishe tunazolala hotelini kuzihudhuria.